Kilemba Kinakaukia Wapi?

Giza la Kajiado linaanza kupauka. Wahu Kahiga amesimama katikati ya chumba akiwa na kitambaa cheupe begani, kama mama anayengoja mtoto atoke kwenye beseni. Hajakikunjua. Anasikiliza nyayo.

Nje, sufuria zinagongana na chai ya watu wengi inanukia. Ndani, kwenye kigoda, ameketi Ann, bibi harusi wa leo, magoti yamebanana. Kichwani ana kilemba cha usichana, na mikono yake haitulii. Mara inagusa ukingo wa kile kilemba, mara inarudi mapajani kama iliyoungua.

"Mama, nifunge sasa," ananong'ona. "Akiingia apate umemaliza. Nani ataanza kufungua kitu imefungwa vizuri?"

Wahu, mfungaji vilemba mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anatikisa kichwa. Hana ukali. Anampapasa bega tu, anarudi kusikiliza.

Anayengojwa ni Mama Kiama, mwenye nyumba hii, mama mzazi wa bwana harusi na kiongozi wa wanawake katika kanisa lao dogo la Wakorino, Wakristo wanaofunga vilemba vyeupe. Makanisa ya Wakorino ni mengi na kila moja lina taratibu zake. Katika hili, asubuhi ya harusi mama mkwe huja mwenyewe, humfungua msichana kilemba cha kwao kwa mikono yake, kisha huketi kutazama akifungwa kilemba cha mke. Hapo ndipo humwona kichwa wazi kwa mara ya kwanza.

Na kichwa cha Ann, Wahu anakijua. Amekuwa akikitazama tangu Jumatatu.

Nyuma ya soko la Kitengela, Wahu ana kibanda cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele hushona na kuuza vilemba. Nyuma ya pazia kuna kiti kimoja, dirisha dogo, na pipa la maji ya mvua ambamo hakuna anayeruhusiwa kuchovya hata kikombe.

"Maji ya kisima hapa iko na chumvi," anasema. "Ukioshea nywele, zinakuwa kama waya ya kusugulia sufuria. Ukifulia kilemba, kinakuwa kama mkebe."

Jirani yake ni Mukai, muuza vitambaa aliyetoka Machakos, ambaye si Mkorino na hachoki kumtania. Humwambia kwamba siku hawa watu wake wakigundua kofia, yeye atauza nyanya. Wahu humjibu kwamba hata hizo nyanya atazifunga vilemba kwanza.

Kumfunga mtu kilemba cha kawaida huleta shilingi mia, wakati mwingine mia mbili. Cha harusi ni elfu mbili, lakini harusi si za kila wiki, na kodi ya kibanda haijui harusi.

Kazi hii hakuisomea popote. Aliletwa Kitengela na mama yake akiwa msichana, wakitokea Ol Kalou, na akaajiriwa kwenye shamba la maua. Ndani ya nyumba za plastiki wanamokuzia maua joto ni la kupikia. Alikuwa anakaza kilemba ili kisimwangukie kwenye kazi, jasho linaingia, kitambaa kinalowa, naye anaenda hivyo hivyo mpaka jioni. Alipofika miaka ishirini na saba, nywele za mbele zilikuwa zimenyonyoka.

"Paji langu la uso lilikuwa limeenda karibu utosini," anasema akicheka. "Watu walidhani niko na akili mingi."

Aliyemfundisha kufunga ni mtoto wake wa kwanza. Alimbeba mgongoni kwa leso siku nzima, akiinama na kuinuka, na mtoto hakuanguka wala hakulia. Jioni moja akiifungua ile leso alitazama kifua chake, akaona haikuwa imemkata popote. Akaanza kujiuliza: mbona mgongo unashika mtoto wa kilo nane bila kuumia, na kichwa kinaumia kwa kitambaa tu?

"Mtoto hashikwi na nguvu ya fundo," anaeleza. "Anashikwa na pale kitambaa kimepitia. Na kichwa ni hivyo. Kilemba kikae kwa kisogo na juu ya masikio, pale kuna mfupa. Mbele kwa paji hapana. Nywele za hapo ni laini kama za mtoto wa juzi. Ukizivuta kila siku, zinachoka, zinaenda."

Mengine yote kwake yanatokana na hilo. Nywele zisukwe mistari minene isiyobana, au zikunjwe tu zitulie. Mafuta kidogo ukingoni, si ya kutiririka. Chini ya kilemba pavaliwe kofia nyepesi ya satini, ili pamba isinywe mafuta yote ya nywele. Usiku kilemba kitoke. Na kikishafungwa, vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi. Visipopita, anafungua na kuanza upya, hata kama mteja amechelewa na anasonya.

Lakini jambo analoligombania zaidi ya yote ni maji. Wanawake wengi wa kanisa lake wanapenda kilemba kilichosimama wima, kirefu, chenye kingo kama za karatasi. Ili kisimame, kitambaa huchovywa kwenye wanga na kufungwa kikiwa bado kibichi, kikaukie kichwani. Kikikauka kinakuwa kigumu kama bakuli, na kinapokauka kinasinyaa, na kinaposinyaa kinavuta.

"Uzuri wake ni wa wale wanakuangalia," anasema Wahu. "Wewe mwenyewe uko ndani ya bakuli."

Ann alikuja kibandani Jumatatu ya wiki ya harusi, saa ya chakula cha mchana, akiwa amevaa aproni ya duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Alisema amekuja kupimwa tu. Wahu akamwambia kichwa hakipimwi kikiwa kimefunikwa, akamvutia pazia.

Kabla ya macho, pua ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye karai. Wahu alifungua taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala, na safu ya mwisho ilipobanduka ikatoka na nywele.

Ukingo wote wa mbele, kutoka sikio hadi sikio, ulikuwa mtupu. Kwenye pembe ya kushoto ngozi ilikuwa nyekundu na inatoa majimaji. Nyuma, nywele zilizobaki zilikuwa za baridi, zimelala kichwani kama majani chini ya jiwe.

Ann ana miaka ishirini na minne. Kwao ni Illasit, wazazi wake ni wakulima wa vitunguu. Alipochumbiwa na Kiama, fundi wa kuchomea vyuma hapo Kitengela, familia mbili zilikubaliana kwamba asiishi peke yake tena. Akapewa nafasi kwa Judy, shangazi ya Kiama, au tata Judy kama wanavyomwita. Ni mama mwenye nyumba safi na sheria nyingi. Ann akawa analala chumba kimoja na mabinti wa tata.

Katika kanisa lao, msichana aliyechumbiwa haonekani kichwa wazi na watu wa upande wa mume hadi ile asubuhi ya kufunguliwa. Kwa hiyo Ann hakuonekana. Alilala na kilemba. Aliosha nywele usiku bafuni, mlango umefungwa kwa komeo, akafua kilemba humo humo, akakikamua, akakifunga kikiwa kibichi juu ya nywele mbichi na kutoka. Kukianika nje aliona haya, kwa kuwa anayekianika atakuwa amekivua, na watu watajua saa aliyokuwa wazi. Tata Judy alipoona kilemba kinakaa kigumu na kizuri asubuhi, alimsifu mbele ya mabinti zake.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda tangu mahari ilipopelekwa mpaka wiki ya harusi.

"Nilikuwa nataka waone nimelelewa," Ann alimwambia Wahu siku hiyo, macho sakafuni.

Halafu akaomba lile aliloendelea kuliomba wiki nzima. Wahu afike Kajiado mapema, amfunge kilemba cha mke kabla Mama Kiama hajaingia, wadai kwamba muda umebana. Aliogopa kuonekana kana kwamba ameficha ugonjwa. Alikuwa amesikia habari ya msichana wa Kware, kule Rongai, aliyekutwa na madoa shingoni asubuhi ya kufunguliwa. Wazee waliketi hadi mchana wakijadiliana, wageni wako kwenye viti, na bwana harusi akarudi kwao. Kama ni kweli au ni maneno ya watu, Ann hakujua. Lakini alikuwa akiiota.

Wahu naye alikuwa na lake la kuogopa. Nusu ya wateja wake ni wanawake wa Mama Kiama. Ikijulikana kwamba amesaidia kumficha kiongozi wao jambo, kibanda hakingemaliza mwezi. Na akikataa kumfunga Ann, msichana angetafuta mwingine wa kumkaza juu ya kidonda, na zile nywele zisingerudi tena.

"Nilimwambia vitu mbili," Wahu anakumbuka. "Sifungi juu ya kidonda ambacho daktari hajaona. Na kwa Mama Kiama, sitakuficha na sitakusemea. Mdomo ni wako."

Ann alilia. Kisha akaenda kliniki.

Muuguzi aliyempokea, Makau, alimweleza bila kumzungusha. Unyevu ulikuwa umeleta ukungu wa ngozi, na mkazo ulikuwa umeng'oa nywele kwenye mizizi. Akampa dawa ya kupaka na ya kumeza. Alisema sehemu kubwa itarudi, lakini ile pembe ya kushoto hawezi kuiahidi. Sharti lilikuwa moja, kichwa kikae kikavu na kipate hewa kila siku.

Hewa ataipatia wapi, na haruhusiwi kuwa wazi? Wahu akampa kiti cha nyuma ya pazia. Kila saa ya chakula Ann alikuja, akaketi kando ya lile dirisha dogo kichwa wazi, akala chapati na madondo huku upepo wa Kitengela ukimpuliza. Wahu alimpaka dawa kwa ncha ya kidole. Siku moja Ann alisema kwamba amesahau kumbe upepo una baridi.

Jumatano ndiyo nusura mambo yaharibike. Ann alikuwa ndani, kilemba kimelala kwenye paja, Wahu aliposikia sauti ya tata Judy barabarani ikimsalimia Mukai. Alikuwa ameleta kitambaa cha harusi. Alikuwa amekichovya kwenye wanga yeye mwenyewe, mara mbili, kikasimama mikononi mwake kama trei.

Tata Judy alitaka kiloweshwe kidogo siku ya harusi na kifungwe kikiwa kibichi, kisimame. Alitaka kiwe kirefu kuliko cha bibi harusi wa mwezi uliopita. Akasema miguu inamuuma, aingie akae kidogo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye pazia.

"Tata, niko na mteja ndani," Wahu alisema. "Yuko wazi."

Mkono ukasimama, lakini haukushuka. Tata Judy akauliza ni mteja gani wa saa hizi, na mbona viatu vilivyo chini ya pazia anavijua.

Ni Mukai aliyeokoa. Alipiga kelele kutoka kwake kwamba yule mama wa kitambaa cha kusimama aje aone satini mpya, bei ni ya leo tu, kesho anaongeza kwa sababu ya majirani wachoyo. Tata Judy anapenda bei. Alisita, akavitazama vile viatu tena, akaenda. Nyuma ya pazia Ann alikuwa amefunga kilemba upesi, upande umelala, na dawa imeingia jichoni.

"Hiyo usiku sikulala vizuri," anasema Wahu. "Nilijua anajua. Sikujua atafanya nini."

Nyayo zinakuja. Mlango wa chumba unafunguka bila kubishwa, maana nyumba ni ya Mama Kiama mwenyewe. Ni mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, kilemba chake ni cha chini na kimetulia. Nyuma yake yuko tata Judy, amebeba kile kitambaa kigumu kwa mikono miwili. Mama Kiama anaomba kwa kifupi. Kisha anasogea nyuma ya kigoda na kuweka vidole kwenye fundo.

Ann anamshika mkono.

"Mama," anasema. Hauachi ule mkono. "Mama, nywele zangu zimetoka. Ni mimi nilikuwa navaa ikiwa na maji. Niko na dawa, si ugonjwa wa kwetu. Nilikuwa naogopa."

Vidole vya Mama Kiama vinabaki pale pale, mkono wa msichana juu yavyo. Halafu vinaendelea kufungua.

Kilemba cha usichana kinaanguka mabegani. Tata Judy anavuta pumzi na kuifungia ndani. Mama Kiama anaagiza pazia la dirisha livutwe. Mwanga unaingia, na yule mama anakishika kichwa cha Ann kwa viganja viwili, anakigeuza kulia, anakigeuza kushoto, jinsi wanavyotazama utosi wa mtoto mchanga.

"Kilikuwa kinakaukia wapi?" anauliza.

Ann haelewi.

"Kilemba chako. Nimekuja kwa Judy mara ngapi? Naona mashuka kwa kamba. Naona soksi za watoto, naona hata vitambaa vya jikoni. Kilemba chako sijawahi kuona. Nikawa najiuliza, huyu msichana kilemba chake kinakaukia wapi?"

"Kichwani," Ann anasema.

Tata Judy anaanza kueleza kwamba yeye hakumwambia alale nacho, kwamba alimkuta hivyo, kwamba hata juzi aliona viatu vyake kule kwa Wahu na akanyamaza kwa heshima. Mama Kiama anamwinulia kiganja, bila kumtazama.

"Si wewe peke yako. Mimi niliona, na nikaona haya kuuliza." Kisha anakitazama kile kitambaa cha wanga. "Hicho kirudishe."

Mama Kiama anatoka. Mlango unabaki wazi. Wageni wawili wanachungulia na kujifanya hawajachungulia. Ann amejifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na Wahu, aliyefunga mabibi harusi wengi hata hawakumbuki, anasema hapo alikuwa ameshaanza kukunja vifaa vyake kwa mawazo. Mama Kiama ametulia hivi kwa sababu anaenda kuwaambia wazee, alifikiri. Sasa wataketi.

Kutoka chumba cha pili ukasikika mfuniko wa sanduku la bati.

Mama Kiama alirudi na kitambaa kilichokunjwa mraba. Kilikuwa cha pamba, cheupe cha zamani, kimefuliwa miaka na miaka mpaka kimekuwa laini kama nepi. Alikitia mkononi mwa Wahu. Alisema ndicho alichofungwa siku ya harusi yake, na kwamba hakijawahi kusimama hata siku moja.

"Funga hiki," alisema. "Na usimvute."

Ombi hilo lilikuwa jepesi kulisema, lakini Wahu alijua ugumu wake. Kitambaa kigumu hujishika chenyewe. Kile laini huteleza, na ibada ya harusi katika kanisa lao ni ya ngoma na kuruka, kutoka asubuhi hadi jua liwe kichwani. Kingo za mbele, ambako wengine wangekaza, hakuruhusiwa kuzigusa. Na kilemba cha bibi harusi kinachofunguka mbele ya kanisa huzungumziwa kuliko mahubiri.

Alimvika kofia ya satini kwanza, juu ya dawa iliyokauka. Akaanzia kisogoni. Alipitisha kitambaa juu ya masikio, akakivusha paji la uso bila kukiegemeza hapo, akakirudisha nyuma, akakipishanisha, kila safu ikishika ile iliyo chini yake, kama anavyofunga leso ya mgongoni. Ncha aliiingiza pembeni. Vidole viwili vikapita. Kilemba kilikuwa cha chini, cha mviringo, bila kingo.

"Umenifunga kweli?" Ann aliuliza. "Mbona sisikii kitu?"

Kanisani viatu viliachwa mlangoni. Jirani mmoja, mama wa Kimaasai aliyealikwa, alisalimiwa "takwenya" na wanawake wote wa benchi la nyuma, akaitikia "iko" mara nyingi mpaka akaishia kucheka. Benchi hilo hilo lilinong'ona Ann alipoingia. Wahu alisikia mtu akisema kimelala. Mwingine akasema pengine Wahu alikosa wanga. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye ile ncha.

Kilikaa wakati wa maombi. Kilikaa wakati wa viapo. Ngoma zilipoingia, Ann akaanza kuruka na wenzake, na Wahu akaona safu ya juu ikisogea kidogo kila mguu unapogusa chini. Alikuwa safu ya nne, mbali. Mtu hatoki benchi wakati wa ngoma kwenda kumgusa bibi harusi.

Ncha ikachomoka. Ikaning'inia begani mwa Ann, nyeupe, ikipeperuka. Ann aliisikia. Alisimama katikati ya wenzake wanaoruka, mkono juu ya kichwa, uso umebadilika rangi. Ngoma mbili zikanyamaza, ya tatu ikaendelea kidogo kwa kutojua, nayo ikanyamaza.

Mama Kiama aliinuka kutoka kiti cha mbele. Alitembea hadi katikati bila haraka, akiwa peku. Aliishika ile ncha, akaizungusha mara moja, akaiingiza mahali pake. Halafu, mbele ya kanisa lote, akapitisha vidole viwili kati ya kitambaa na paji la uso la mkwe wake, akiangalia kama vinapita.

Alimwashiria mpiga ngoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuruka.

Wahu anasema hakupiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba chake. "Ile ncha niliikosea," anakiri. "Niliogopa kukaza, nikaacha fupi. Siku hizi naacha ndefu."

Miezi minne imepita. Ann bado anafanya kazi kwenye lile duka, na saa ya chakula bado anakuja kibandani, sasa kwa mazoea. Nywele za mbele zimeanza kurudi, laini kama manyoya ya kifaranga. Pembe ya kushoto bado ni tupu. Makau hakuahidi, na Ann ameacha kuipapasa kila mara.

Kwenye mkutano wa wanawake, Mama Kiama alisema maneno machache. Sheria ya kutoonekana haijaondoka, na hakuna aliyetaka iondoke. Lakini kila nyumba inayokaa na msichana aliyechumbiwa impe chumba chenye dirisha na mlango wa kufunga, na akipita hapo yeye anataka kuona kilemba kwenye kamba. Tata Judy ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga kamba mpya. Ni ndefu kuliko za wote, na anapenda itazamwe.

Wahu anataka kusukuma kibanda chake nyuma kwa hatua chache, aweke chumba chenye dirisha kubwa, ambamo wasichana wanaweza kuketi wazi, kukausha nywele, na kujifunza kujifunga wenyewe kabla hawajawa mikononi mwa mtu. Mabati anayo machache. Mbao anazinunua moja moja. Tayari wasichana sita wamemwomba aanze kuwafundisha hata kabla ya ukuta.

Kwa sasa alichonacho ni kamba. Ameivuta kutoka nguzo yake hadi nguzo ya Mukai, upande wa barabarani, na asubuhi huanika hapo vilemba vyote vilivyofuliwa. Mukai analalamika kwamba vinafunika vitambaa vyake na wateja wanadhani anauza mashuka ya hospitali. Lakini upepo ukizidi, yeye ndiye anayekimbia kuleta vibanio.

Wahu anabana cha mwisho, kile laini cha Mama Kiama ambacho Ann amekileta kufuliwa kwa maji ya mvua. Anarudi nyuma kukitazama kikijaa upepo.

"Nataka msichana akipita hapa aone," anasema. "Aone kilemba kikikauka, na hakuna kichwa ndani yake."